Tangi Lililonenepa

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba radhi kwanza, maana najua utaitazama tarehe hapo juu kabla ya kuyatazama maneno. Barua yako ya Oktoba niliipokea, nikaisoma mara mbili, nikaiweka juu ya friji ili niijibu Jumamosi. Jumamosi hiyo ilipita na nyingine nyingi zikaifuata. Sina kisingizio ambacho hukukikataa zamani nilipokuwa darasani kwako, kwa hiyo sitakitoa.

Mimi ni mzima. Baba aliniambia kwa simu kwamba kikohozi kimemwacha kabisa, lakini alikuwa akikohoa huku akisema hivyo. Tafadhali mchunguze, wewe anakuogopa. Nasikia dada amekaribia kujifungua. Nimemnunulia shuka ndogo mbili, nitazituma nikipata mtu wa kuaminika.

Uliniuliza, kwa niaba ya kikundi chenu cha wafugaji, kwa nini unga wa kiwanda chetu, huu mnaotia katika chakula cha kuku, unaitwa unga wa hamira ilhali hauumui mkate. Waambie hivi. Hamira yetu imepandikizwa jeni isiyo yake, jeni inayoiamuru itengeneze kimeng'enya na kukitoa nje, kwenye maji inamokua. Hicho kimeng'enya tunakichuja, tunakikausha, tunakitia kwenye vifurushi. Ndani ya tumbo la kuku kinafungua fosforasi iliyofungwa katika pumba na mahindi, naye kuku anaipata kwa ajili ya mifupa na maganda ya mayai. Bila hicho, fosforasi huingia mdomoni na kutokea nyuma kama ilivyoingia. Ndiyo maana kifurushi kinasema: ukitumia unga huu, punguza unga wa mifupa.

Viwanda vingine huchachusha kwa mikupuo. Hujaza tangi, husubiri, hulimwaga lote, huosha. Sisi tunachachusha kwa mfululizo. Upande mmoja chakula cha hamira kinaingia bila kukoma, upande mwingine maji yenye kimeng'enya yanatoka kwa kiasi kilekile, na tangi halijai wala halipungui. Ni kama duka lisilofungwa: watu wanaingia kwa mlango huu na kutokea ule, na ndani wapo daima. Mimi ndiye mlinzi wa duka. Kuna kidirisha cha kioo ubavuni mwa tangi, nami nimesimama mbele yake mpaka wenzangu wanadai nimeposwa.

Tangi la mwisho lilikwenda muda mrefu kuliko yote yaliyolitangulia. Meneja alileta wageni walitazame. Mwezi uliopita tulilisimamisha, tukaliosha, tukaanza upya kwa mbegu mpya kutoka kwenye jokofu. Ni jambo la kawaida.

Kuku wako hawajambo? Wanatembea vizuri?

Nisalimie Baba na wote hapo nyumbani.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Radhi nimeitoa, ila usiifanye iwe desturi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kwa umri wangu sipendi mishindo.

Baba yako anakohoa. Nimempeleka kwa daktari, amepewa dawa, na anaziweka chini ya mto kama mtoto. Nimehamisha dawa zikae mezani kwangu. Dada yako amejifungua salama mtoto wa kiume. Ana sauti ya kuendeshea mkutano wa hadhara. Shuka zako zitamfaa, maana mbili alizonazo hazikauki.

Maelezo yako ya hamira niliwasomea wanachama. Walisikiliza, lakini mioyo yao haikuwapo, nami nitakueleza kwa nini.

Kuku wetu wameharibika miguu. Ilianza kwa vifaranga vya jirani: vikawa vinakaa tu, ukivisimamisha vinakunja magoti na kuketi tena. Halafu wa kwangu wanaotaga wakaanza kuchechemea, na mayai yakawa na ganda laini ambalo kidole kinaingia. Tulidhani ni ugonjwa. Daktari wa mifugo akaja, akabonyeza mfupa wa kuku aliyekufa, ukapinda bila kuvunjika. Akasema, "Huu si ugonjwa. Ndege hawa wamekosa madini. Tazameni chakula chenu."

Chakula chetu, kama ujuavyo, kinachanganywa na mtu mmoja kwa ajili yetu sote, yule tunayemwita Pimapima kwa sababu kila kitu hukipima mara mbili. Tuliitisha mkutano, nami kama mwenyekiti niliuongoza. Akasimama mfugaji mmoja mwenye maneno mengi kuliko mabanda, tunamwita Majogoo.

"Unga wa kiwandani umepimwa na maabara," akasema. "Mahindi ni yetu, pumba ni zetu. Kilichobaki ni mkono wa mchanganyaji. Unga wa kiwandani ni ghali. Anauuza nje, sisi anatutilia unga wa muhogo."

Pimapima akaunyanyua mkono wake. "Mkono huu? Huu unaopima mara mbili mpaka mnanicheka?"

"Huohuo. Mara ya kwanza unatupimia sisi, mara ya pili unajipimia wewe."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Kisha nikamwambia arudishe ufunguo wa ghala. Akauweka mezani, akaisogeza karatasi yangu kidogo ili ufunguo usiichafue, akatoka.

Kuna jambo limenikaa kichwani. Umeuliza kama kuku wangu wanatembea vizuri. Nimefuga tangu nilipostaafu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama kuku wanatembea. Watu huuliza kama wanataga.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa tena. Zamu zimekuwa nyingi, na mwenzangu mmoja aliugua.

Hongera kwa mjukuu. Nimefurahi kwamba Baba anameza dawa, hata kama ni kwa lazima.

Kuhusu kuku, nakuomba ufanye mambo mawili upesi. Vifurushi vyetu ulivyobaki navyo, vitupe vyote, hata kama havijafunguliwa. Halafu ongeza unga wa mifupa katika chakula, kiasi kilekile mlichokuwa mkiweka zamani kabla ya kuutumia unga wetu. Pamoja na barua hii nimekutumia vifurushi vipya. Hivi ni vizuri. Lakini hata ukivitumia, usipunguze unga wa mifupa mpaka kuku wasimame.

Kuhusu Pimapima, huenda mlifanya haraka kidogo. Mimi si mwanachama, na sina haki ya kusema. Lakini nakumbuka alivyonipimia mahindi nikiwa mdogo, akaongeza punje tatu kwa vidole ili mizani ilale sawa. Labda mngemsikiliza tena.

Naandika kwa haraka, gari la kiwanda linaondoka.

Mwanao


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amepata nafuu na ameanza kubishana, ndivyo tunavyojua kuwa amepona. Mtoto amepewa jina la babu yako, na analia kama yeye alivyokuwa akilia akidai chai.

Ushauri wako tuliufuata. Nilivitupa vifurushi vyote ingawa sikuelewa kwa nini nitupe ambavyo havijafunguliwa, na unga wa mifupa tuliuongeza. Kuku wanasimama. Wale walemavu kabisa tuliwachinja, lakini wengine wanatembea, na ganda la yai limekuwa ganda.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha barua.

Kuku waliposimama, Majogoo alisimama nao. "Mmeona?" akasema. "Tumechanganya wenyewe, tumeweka madini kwa mkono wetu, kuku wamepona. Mnataka ushahidi gani tena? Yule bwana alikuwa haweki kitu!" Na wote wakaafiki. Ushauri wako, mwanangu, ndio uliogeuka ushahidi dhidi ya Pimapima. Kabla ya hapo kulikuwa na wachache waliomwonea huruma. Sasa hakuna. Wameandikia vikundi vya jirani visimpe kazi, na wanataka mkutano ujao upitishe kwamba tumpeleke polisi kwa wizi.

Yeye mwenyewe anasukuma mkokoteni kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwona juzi na mifuko ya saruji, uso mweupe kama aliyejipaka unga. Aliniamkia. Nikaitikia nikitazama saruji.

Niliketi na barua zako mbili, ya Februari na ya Aprili, nikazisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanafunzi, yaani nikitafuta kilichoachwa. Uliuliza kama kuku wanatembea kabla sijakuambia kwamba hawatembei. Ulinitaka nitupe vifurushi ambavyo hujaviona. Ulisema vipya "ni vizuri", na mtu hasemi hivyo ila kama vya zamani ni vibaya. Na ulimtetea Pimapima kwa sentensi nne huku ukisema huna haki ya kusema.

Mimi sikukulea nikupige chenga, wala nikupe nafasi ya kunipiga mimi. Unajua nini? Niambie.

Shangazi yako


Tarehe 4 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru kusikia Baba anabishana.

Najua yote. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika kuhusu hali ya hewa.

Hamira inayotengeneza kimeng'enya ni kama mpagazi. Inakula, inazaa, lakini yote hayo inayafanya na mzigo kichwani. Katika mabilioni yaliyomo tangini, ipo siku moja itautupa mzigo: jeni tuliyoipandikiza itapotea. Hamira hiyo haifi. Inakula chakula kilekile, na kwa kuwa haibebi kitu, inazaa upesi kuliko wenzake. Katika uchachushaji wa mikupuo haipati muda wa kuleta madhara, tangi humwagwa mapema. Katika mfululizo, wavivu wanazidi kidogokidogo na wabebaji wanasukumwa nje kwa mlango wa kutokea. Kwa darubini huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo tuna kanuni mbili. Tangi likifikia umri uliowekwa lisimamishwe, hata kama linaonekana zima. Na unga usitoke ghalani kabla maabara haijapima nguvu ya kimeng'enya. Nilizivunja zote mbili.

Mashine ya maabara iliharibika mwezi wa Novemba, na kipuri chake kikachelewa. Umri wa tangi ulikuwa umefika. Lakini Meneja alikuwa ameleta wageni, akawaambia mbele yangu, "Huyu binti analifuga tangi kama watu wanavyofuga ng'ombe." Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa ili kikae vizuri. Nikatazama kidirishani, nikaona hamira imekuwa nzito na povu limejaa kuliko wakati wowote. Nikamwambia Meneja, "Tazama, linanenepa. Kwa nini tulizime?" Akaniuliza kama unga uko salama. Nikasema uko salama. Sikuwa nimepima, Shangazi. Nilisema kwa kutazama unene. Waliokuwa wakinenepa ni wale waliotupa mzigo.

Kipuri kilipokuja mwezi wa Januari nikapima. Nguvu ilikuwa chini ya robo. Nililisimamisha tangi siku ileile na kumwaga kila kilichokuwa ghalani, na nilijiona mwaminifu sana. Lakini vifurushi vya Novemba na Desemba vilikuwa vimekwisha kuondoka, na juu ya hivyo sikufungua mdomo. Juma hilo ndilo nililoteuliwa kuwa mkuu wa uchachushaji, kwa sababu ya tangi hilohilo.

Nilijifariji kwamba wafugaji wengi hawasomi maelekezo, huweka unga wa mifupa mwingi kwa mazoea, na kuku wao hawatajua tofauti. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwingi. Aliyefuata kifurushi neno kwa neno ni wewe, na Pimapima aliyepima kama ulivyomwagiza. Na wewe ulifuata kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia ufuate.

Uliponiandikia kwamba umemfukuza, niliiweka barua mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Halafu zikapita wiki nyingi nikitafuta namna ya kuwaponya kuku bila kujitaja. Nikaipata. Niliwaponya kuku nikamchoma yeye.

Meneja hajui habari ya vilivyoondoka. Nikisema, vifurushi vitarudishwa kutoka kila mahali, na mimi nitamwaga unga. Hilo nalistahili. Lakini kuna wenzangu wa zamu ambao hawakukosa, na wateja wakikimbia watapunguzwa hao kwanza. Nakuomba, Shangazi, usiisome barua hii mkutanoni kabla sijazungumza na Meneja. Nipe muda kidogo.

Mwanao


Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa nyumbani wote ni wazima. Sina habari nyingine ya kutangulia nayo, na hata kama ningekuwa nayo nisingeiweza leo.

Barua yako niliitia mkobani nikaenda nayo kwa Pimapima. Anakaa mwisho wa kichochoro nyuma ya duka la kushona, chumba kimoja chenye pazia la rangi ya kahawia. Mkewe alinipa kiti, akaingia nyuma ya pazia, asitoke.

"Karibu, Mwalimu," akasema Pimapima. "Mmekosa mtu wa kumfukuza, mmenirudia?"

"Nimepita tu."

"Umepita? Kichochoro hiki hakitokei popote. Anayepita hapa amekuja kwangu."

Nikaupakata mkoba. Akaniuliza hali ya kuku. Nikamwambia wamesimama. Akacheka, akajigonga goti.

"Basi mimi ndiye mwizi kamili. Nimeondoka tu, kuku wakanyanyuka!" Halafu kicheko kikamwisha. "Mwalimu, sitaki mnihurumie. Nataka mtu mmoja aniambie niliiba nini, kiasi gani, nikamuuzia nani. Aniambie hivyo vitatu. Nikiwa nimesahau, nitakumbuka."

Barua yako ilikuwa pajani mwangu, ndani ya mkoba. Ningeweza kuifungua. Nilifungua zipu, nikatoa leso, nikajifuta jasho ambalo sikuwa nalo, nikaaga. Uliniomba muda, nami nikakupa, nikiuchota katika muda wa mtu mwingine. Nimerudi nyumbani nikijua kwamba siku ile pale kitini nilikuwa naye mtu asiye na hatia, na ushahidi wake nimeukalia.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtoto yeyote. Lakini hasira hiyo haikunifumba macho nisione langu. Katika mkutano ule hakuna aliyedai ushahidi, na mimi, niliyefundisha watoto wa watu wasijibu swali kabla ya kulisoma, sikuliuliza hata moja. Kifurushi kilikuwa na muhuri wa kiwanda na mwanangu anafanya kazi humo. Sikutaka kosa liwe huko. Mwizi wa karibu alinifaa.

Mkutano wa kumpeleka polisi nimeusogeza hadi Jumamosi ya kwanza ya Juni. Majogoo amelalamika kwamba nimelegea. Zaidi ya hapo sisogezi.

Sasa sikiliza. Nikisimama peke yangu kusema kuwa unga ulikuwa dhaifu, watasema mwalimu ametubu na anatafuta njia ya kumrudisha rafiki. Kitakachomsafisha ni neno kutoka kwako, lenye jina lako na kazi yako. Kama siku hiyo litakuwa limefika, nitalisoma. Kama halijafika, nitasema ninachokijua, na watakaponiuliza nimekijuaje nitajibu kwamba nimeambiwa na mwanangu, aliyekifanya.

Nimekupa njia mbili na zote zinafika mahali pamoja. Chagua utakayotembea kwa miguu yako.

Shangazi yako


Tarehe 27 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na umfikishie Baba shikamoo yangu. Usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe.

Nilimwendea Meneja asubuhi kabla hajavua koti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alifunga mlango, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya kuku.

"Nani mwingine anajua?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi si maabara," akasema. Akafikiri. "Tutawatumia vifurushi vipya, bure. Tutasema ni zawadi kwa wateja wema. Kuku wamepona, si ndiyo? Basi yamekwisha."

"Kuna mtu anapelekwa polisi."

"Kwa kuku?"

"Kwa unga wetu."

Akaniambia nikatulie, nirudi baada ya chakula cha mchana. Nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo. Mwenzangu wa zamu, yule anayedai nimeposwa na tangi, aliona uso wangu akaniuliza, nami nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Ungenyamaza tu, dada. Kuku hawasemi."

"Hawasemi," nikamjibu, "lakini wanachechemea."

Hakucheka. Ana watoto wanne, na kazi yake imo katika jambo hili kama yangu. Nilimwomba msamaha, akasema tutaona.

Baada ya chakula sikurudi kwa Meneja. Nilikwenda kwa mkuu wa ubora, ambaye ni mama mkimya asiyependwa na mtu, nikampa maelezo yangu kwa maandishi: tangi lilivyozidishwa umri, mashine isivyofanya kazi, nilivyosema ni salama bila kupima. Alisoma hadi mwisho bila kunyanyua macho. Akaniuliza, "Umeandika haya bila kulazimishwa?" Nikataka kusema ndiyo, nikakukumbuka. Nikasema, "Nililazimishwa kidogo."

Vifurushi vya miezi ile miwili vinarudishwa, tangazo linatoka juma hili. Mimi nimesimamishwa kazi wakati wanaamua la kunifanya. Sikuruhusiwa kuingia tena chumba cha matangi, hata kuchukua kikombe changu. Nililia njiani, na sikulilia kuku wala Pimapima, nakuambia ukweli. Nililia kwa sababu ya kile kikombe na kidirisha cha kioo. Pimapima nilimfikia baadaye, nikiwa nimechoka kujililia.

Pamoja na barua hii kuna karatasi mbili. Moja ni maelezo ya kusoma mkutanoni, yenye jina langu, cheo nilichokuwa nacho na sahihi yangu. Mkuu wa ubora naye ametia sahihi yake chini, bila kuombwa. Ya pili ni ya Pimapima, nimeifunga. Usiifungue, Shangazi. Si kwamba kuna siri. Ni kwamba mara hii nataka niseme bila wewe kunisahihisha.

Mwanao


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako umemwambia, nami nimeona. Siku hiyo hakubishana na mtu, akaenda kukipaka rangi kile chumba chako ambacho kilikuwa hakihitaji rangi. Anasema ukipenda kuja, uje. Ukipenda kubaki huko ungoje hukumu yako, ubaki. Mtoto ameanza kucheka, bila mpangilio.

Mkutano ulifanyika. Nilisoma maelezo yako nikiwa nimesimama, tangu jina hadi sahihi, na nilipofika mahali pa kuwa wewe ni mwana wa kaka yangu, nililisema hilo pia ingawa hukuliandika. Majogoo alisema, "Kumbe maabara nayo huiba!" akatazama kushoto na kulia apate wa kumchekea, asimpate. Nikawaambia kuwa mimi ndiye niliyedai ufunguo, na kwamba nilicheka. Nikauacha uenyekiti hapohapo. Wamenikatalia, lakini kiti nimekiacha na sijakirudia.

Kisha tukatoka wote, watu kama ishirini, tukamfuata Pimapima dukani. Alikuwa akipakia mabati. Alipotuona akaliweka bati chini, akajifuta mikono.

"Wote hawa?" akasema. "Polisi mmewaacha wapi?"

Nikamweleza mbele ya wenye duka na wapita njia, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia darasani, ili asiwepo atakayesema hakusikia. Nikasema hakuiba kitu. Nikasema ni unga uliokuwa dhaifu, na ni nani aliyeudhoofisha, na ni nani aliyemfukuza. Nikamwomba msamaha. Wengine nao wakaomba, kila mtu kwa namna yake. Majogoo aliomba akitazama mabati.

Pimapima alisikiliza hadi wa mwisho. Barua yako akaipokea, akaigeuza upande wa pili, akaitia mfuko wa shati bila kuifungua. Nikamnyooshea ufunguo wa ghala.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Huo rudi nao."

"Kazi ni yako. Hata leo."

"Nimesikia. Lakini ninyi mlinipa dakika ngapi siku ile? Hata chai mezani haikupoa. Mimi sitawaiga. Nitarudi nyumbani, nitazungumza na mke wangu, maana yeye ndiye aliyetukanwa kisimani kwa ajili yenu. Nitaisoma na barua ya binti yako, nikiwa tayari kuisoma. Kisha nitajibu. Na pengine nitajibu kwamba hapa kwenye saruji nimepata watu."

Akaliokota bati lake. Tukarudi tukiwa tumefuatana, ufunguo mkononi mwangu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ni Jumanne, na hajaleta neno. Majogoo ananitaka nikamhimize, nimemkatalia. Chakula cha kuku tunachanganya wenyewe, vibaya, tukigombana juu ya mizani. Jana mkewe alipita mbele ya nyumba yangu, akaniitikia salamu, akaendelea na safari yake.

Usiniulize kwa simu, sitaijibu. Siku Pimapima atakapoamua nitakuandikia, ndiyo au hapana, kwa maneno yake mwenyewe.

Shangazi yako